Kadi ya Kijani ya Baba Mkwe

"Usinisogelee, mwanangu. Kaa hukohuko."

Mzee Nyangwine alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwenye meza yangu, kofia mkononi, macho ukutani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ni kiungulia tu."

Kazi yangu ni kupokea kila anayeingia kituo chetu cha afya hapa Tarime, kumpima harakaharaka na kuamua nani aonwe kwanza. Kadi nyekundu, sasa hivi. Njano, asubiri kidogo. Kijani, apange foleni. Anayepiga kelele mara nyingi anaweza kusubiri. Wa kumwogopa ni yule aliyenyamaza. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu, Mogesi. Lakini Jumamosi ng'ombe wa mahari walikuwa wanakwenda kwetu, na huyu ndiye baba wa Emanuel wangu. Kwetu Wakurya, mkwe wa kike hamgusi baba wa mumewe.

Na Emanuel alishanitumia meseji asubuhi kutoka mgodini Nyamongo: "Baba anakuja hapo. Tafadhali usimpime wewe, utaniaibisha kwa wazee. Mwambie Happy."

Nesi mwenzangu Happy alikuwa leba, anazalisha. Foleni ilishafika mlangoni. Basi nikampima mzee kwa macho, mimi na akili zangu zote. Nikaweka kadi ya kijani pembeni ya meza, akaichukua mwenyewe.

Haikupita nusu saa.

"Sista! Mzee kaanguka!"

Nilikimbia. Shati lake lilikuwa limelowa jasho na midomo imebadilika rangi. Nilimfungua vifungo, nikamshika mkono kutafuta mapigo.

"Ni moyo huu! Leteni machela! Mwiteni daktari!"

"Mwanangu... acha..." alinong'ona.

"Siachi, baba. Utanisamehe."

Saa tisa Emanuel akaingia wodini na viatu vyake vya mgodini. Baba yake alikuwa kwenye oksijeni, na daktari alishasema hatari imepungua.

"Nani alimpa baba kijani?" aliuliza kwa sauti, wagonjwa wote wakageuka.

"Mimi."

"Wewe? Nesi mzima? Ulikuwa unachezea simu?"

Simu ilikuwa mfukoni, na meseji yake humo humo. Hasira ilinipanda, lakini sikuitoa. Kadi ilitoka mkononi mwangu, siyo mwake.

"Sikumpima," nikasema. "Nilimwonea haya."

"Haya! Mtu anakufa, wewe unaona haya!"

"Emanuel." Mzee alikuwa amefumbua macho. "Asubuhi si ulinipigia, ukasema umemkataza asinipime?"

Emanuel akasogea kitandani.

"Nilikuwa nalinda heshima yako, baba."

"Heshima yangu nilikuja nayo mwenyewe. Kifua kilikuwa kinanibana tangu nyumbani, nikasema kiungulia. Ningemwambiaje mkwe anivue shati? Wote tumekosea. Lakini aliyekiri ni huyu binti peke yake." Akavuta pumzi. "Ng'ombe hawatoki mpaka Mogesi mwenyewe aseme."

Emanuel alinifuata hadi nje, kwenye bomba la kunawia.

"Mogesi, nisamehe. Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa. Lakini umenivua nguo mbele za watu, na ukweli unaujua."

"Nakupenda, mama."

"Mimi nakupenda kuliko unavyofikiri. Ndiyo shida yenyewe. Umeandika mistari miwili tu, nikasahau kazi niliyosomea miaka mitatu. Nikiwa mke wako itakuwaje?"

"Sitarudia. Naapa."

"Leo baba yako amepona. Angekufa, ungeniambia kuhusu ile meseji?"

Nilisubiri. Nilimwomba Mungu Emanuel ajibu ndiyo, hata kwa uongo. Akatazama viatu vyake.

"Jumamosi usije, Emanuel."

Nilirudi mezani machozi yakinitoka. Bibi mmoja akaketi mbele yangu, akanitazama kwa huruma.

"Pole, mwanangu. Umefiwa?"

"Hapana, bibi," nikamjibu. "Lete mkono nikupime."