Waya Uliopita Chumba cha Kati

Radi alikuwa anasukuma waya kwenye tundu la ukuta wa chumba chake, mara waya ukaanza kwenda wenyewe.

"Dada, usivute kwa nguvu!" alipaza sauti.

Dada yake, mshonaji wa nguo, alikuwa upande wa pili wa nyumba, amesimama mikono mitupu mbele ya tundu la chumba chake. Hakuwa ameugusa. Kabla hajajibu, ncha ya waya ilichomoza taratibu, ikiwa na unyevu, ikatulia usawa wa mkono wake. Akaifuta kwa kitambaa, akaichomeka kwenye ruta ya intaneti, akajiambia waya umeteleza tu. Nguo za watu zilikuwa zinamsubiri.

Mwingine angekomea hapo hapo. Lakini Radi alikuwa ameitwa kujaribiwa na timu ya gemu za mtandaoni, na tangu mama yao afariki, hii ilikuwa mara ya kwanza dada kumwona mdogo wake akiamka na hamu ya kuishi. Kilichomkwamisha ni intaneti. Akibonyeza kufyatua, picha inaganda, ikizinduka, ameshauawa. Fundi wa mtandao alipima, akacheka. "Kuta zinakula mawimbi, dada. Pitisheni waya." Njia ya mkato ilikatiza chumba cha kati, ambacho mwenye nyumba alikiziba mlango kwa matofali na kuwasihi wasikiguse. Dada ndiye aliyeazima drili. Tundu dogo tu, alisema, nani atajua.

Gemu ikateleza ajabu. "Sifuri, dada! Kuchelewa ni sifuri!" Radi alicheka mpaka machozi, akimwonyesha namba kwenye kioo cha kompyuta. Baadaye kicheko kikakatika. Sahani zikawa zinarudi na chakula chake. Kwenye tundu kukatoka harufu ya nywele mbichi zilizofungiwa muda mrefu, na kila dada aliponyamazisha cherehani alisikia vibonyezo vikigongwa chumbani kwa Radi, na vingine vikigongwa ndani ya ukuta.

Alimwita fundi tena. Fundi aliitazama ile namba kwenye kioo, bashasha yote ikamtoka.

"Sifuri haipo," alinong'ona. "Kuchelewa ni umbali, dada. Ujumbe unatoka hapa, unafika kwenye mashine za mbali, unarudi. Lazima uchelewe, japo kidogo. Ukiona sifuri, basi anayejibu yuko hapa hapa."

"Anayejibu nani, fundi?"

Fundi alirudi kwenye ruta, akachomoa umeme. Taa zake zikafa. Chumbani kwa Radi, gemu ikaendelea.

Wakauvuta ule waya kutoka kwenye ruta, na badala ya kukaza ukaja mwepesi, kipande kifupi tu, ncha yake imetafunwa na bado ina joto, wakakimbilia kwa Radi, fundi akaushika wa upande ule na wenyewe ukamvuta, ukamvuta mpaka bega lake likagonga ukuta na pumzi ya mtu ikampiga usoni kutoka gizani, akawa anapiga kelele "Kata! Kata, dada!" na dada akautia mkasi wake na kuukata.

Radi alianguka kutoka kwenye kiti.

"Mdogo wangu, uko hapa? Niambie uko hapa!"

Macho yalikuwa wazi. Hakusema neno. Siku ile ile fundi alikoroga saruji, wakaziba matundu yote mawili.

Radi akapona. Alikula, alitembea, alitabasamu. Sauti tu ndiyo haikurudi. Majirani walisema ni mshtuko, utaisha. Dada alitaka sana kuwaamini. Ila alimwogopa mdogo wake, na aliona aibu kumwogopa. Siku hizi Radi alikuwa mwepesi kupita kiasi. Dada alipofungua mdomo kuomba mkasi, mkono wa Radi ulikuwa umeshanyooka nao. Hakuchelewa hata kidogo.

Mchana mmoja, saruji ilishakauka kabisa, dada alikuwa anapinda gauni na Radi amekaa nyuma yake. Sauti ikaja. Ilikuwa ya Radi, nyembamba, ya mtu aliyeita kutoka mbali sana, nayo ilitoka ukutani.

"Siko hapo, dada. Niko humu. Msizibe tundu."

Cherehani ikasimama. Alikumbuka swali alilomuuliza Radi siku ile, uko hapa, ambalo jibu lake ndiyo kwanza linafika, akakumbuka maneno ya fundi, kwamba kuchelewa ni umbali. Akasimama huku analia, akageuka akatafute nyundo.

Yule aliyekaa nyuma yake alikuwa ameshaishika.