Picha Isiyokauka

Kuku ndio waliojua kwanza. Mwaka huo wa tisini na sita, Digna alirudi mjini Ifakara kutoka shamba, alikokaa miezi mitatu akilinda mpunga usimalizwe na ndege, akakuta kuku wake wote saba wamepanda juu ya mwarobaini wa uani na jua bado linawaka. Kuku wale walizoea kulala jikoni. Akawaita kwa chenga za mchele, wakashuka, wakala, lakini alipofungua mlango wa jikoni walitawanyika huku wakipiga kelele kama wameona kicheche.

"Kuku wana nini?" alimuuliza mdogo wake, Anselim.

"Joto, dada."

Joto! Mwezi wa sita, watu wanaamka na masweta, yeye anasema joto. Lakini Digna alikuwa amechoka na ana magunia ya kushusha, akaliacha neno hilo.

Huyu Anselim alikuwa fundi wa mabango. Ukiona gesti imechorwa kitanda chenye chandarua, au mashine ya kukoboa imechorwa mkono ulioshika mchele, ujue ni yeye, kwa rangi zile zile za kupaka baiskeli. Digna ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki Anselim akiwa bado ananyonya, na Digna, binti wa miaka kumi na minne, akaacha shule akambeba mgongoni. Alipoolewa alikwenda naye. Mume alipotangulia mbele ya haki walibaki watatu: yeye, Anselim, na Omega, mtoto wake wa pekee, wa miaka saba, ambaye wakati wa shamba alibaki mjini na mjomba wake kwa sababu ya shule.

Mambo yalianza kubadilika padri mmoja Mzungu alipohama, akamwachia Anselim sanduku la rangi za mafuta, zile za kuminya kama dawa ya meno. Kijana akasahau mabango. Halafu mwezi wa tatu akatokea mama mmoja kutoka Dar es Salaam, Bi Nelly, anazunguka mikoani kutafuta wachoraji wa siku hizi wanaotumia rangi za mafuta, awakusanye, awafanyie maonyesho.

"Nimepita mikoa sita," alimwambia Anselim, Digna akiwa palepale anapepeta mchele. "Kila ninayemkuta ana rangi ya baiskeli. Wewe nimekugundua, kaka, usiniangushe. Ila picha zako zimelala. Nichoree moja iliyo hai. Nitarudi mwezi wa sita."

Digna alikwenda shamba akiwa anaimba kwa furaha. Mtoto wake wa mgongoni, leo anatafutwa na watu wa Dar!

Sasa alitaka kuiona hiyo picha. Ilikuwa chumbani kwa Anselim, imeegemezwa ukutani: mwanamke amekaa kwenye kizingiti, ametugeuzia mgongo, khanga imemshuka begani. Digna hakujua mambo ya sanaa, lakini alisimama pale akajikuta anangoja yule mwanamke apumue. Akaigusa pembeni. Kidole kikarudi na rangi.

"Bado mbichi?"

"Rangi ya mafuta inachelewa kukauka, dada. Wiki mbili, tatu."

"Umeimaliza lini?"

"Pasaka," akasema Anselim, halafu akaangalia chini.

Pasaka ilikuwa imepita miezi miwili. Digna akakinusa kile kidole. Kilinuka mafuta ya nyonyo.

Kwao, watu wa upande wa Mahenge, kulikuwa na kibuyu cha mafuta ya nyonyo kilichozibwa kwa nta. Mganga wa zamani alimfungia humo jini aliyemtesa bibi yao Restituta, akaagiza kitunzwe na binti mkubwa, kikae juu ya jiko penye moshi, kisifunguliwe na mtu. Walikuwa Wakatoliki, kila Jumapili kanisani, na kibuyu kikaendelea kukaa juu ya jiko. Mambo hayo mawili hayakuwahi kugombana. Digna akaenda jikoni, akakishusha. Kilikuwa chepesi. Na nta ya mdomoni haikuwa ile nyeusi ya nyuki. Ilikuwa nyeupe, nta ya mshumaa.

"Anselim! Nani kafungua hiki?"

"Panya, dada. Walitafuna, nikaziba."

"Niangalie usoni."

"Naapa kwa kaburi la mama," akasema Anselim, na akamwangalia usoni bila kupepesa.

Unafanyaje mtu akikuapia hivyo, na mwenyewe ndiye uliyemtafunia ugali akiwa hana meno? Digna akaamini. Au tuseme alitaka kuamini, hata pale jioni Omega aliporudi kutoka kucheza, akapita bila kumwangalia mama yake, akaenda kukaa kwenye kona, uso ukutani.

"Omega, mwanangu, hujambo?"

"Marahaba," akajibu mtoto.

Digna alicheka, akadhani ni utundu. Kesho yake Omega akala uso ukutani. Kesho kutwa akala vilevile, na mjomba wake akimpita anatembea upande upande kama mtu anayeogopa kumgusa. Nyumba ikanuka nyonyo, kwenye maji ya kunywa, kwenye mashuka, kwenye ugali ukiwa bado unafuka. Halafu kukaja sauti ya tone, tone, tone, jikoni ambako hakukuwa na kitu cha kuvuja.

Siku ya nne, saa saba mchana, mtaa wote umejilaza, hata baiskeli hazipiti, Digna alimkuta Omega kwenye kona ile ile, nywele zimelowa mafuta, mafuta yanashuka shingoni na kudondoka sakafuni tone baada ya tone, akamshika mabega amgeuze, akavuta, akavuta tena kwa nguvu za mtu aliyezoea kupakia magunia, lakini mtoto yule wa miaka saba hakusogea hata ukucha, alikuwa mzito kama kinu kilichochimbiwa chini, na katika kule kuvuta Digna akasikia, si kwa masikio tu bali mpaka kwenye meno yake, sauti ya mwanamke mzee, ya upole, inatoka nyuma ya kile kichwa kidogo.

"Usinigeuze. Mwenzangu hajamaliza kugeuka."

Digna alikimbilia chumbani kwa Anselim. Mwanamke wa kwenye picha hakuwa ametugeuzia mgongo tena. Sikio lilikuwa limeonekana, na shavu, na ncha ya jicho.

Anselim alikuwa amesimama mlangoni.

"Mafuta ya kitani yaliniishia, dada," alinong'ona. "Na Dar ni mbali. Nilichukua kidogo tu ya kwenye kibuyu, nilainishie rangi."

"Uliapa kwa kaburi la mama!"

"Ningefanyaje? Bi Nelly anakuja Jumanne. Lakini iangalie, dada. Iangalie ilivyo hai!"

Mtoto wa watu anatokwa na mafuta kichwani, yeye anasifia picha! Digna alimzaba kofi, la kwanza tangu amlee, kisha akalia yeye aliyepiga.

Kesho yake alfajiri, Omega alipoinuka mwenyewe, Digna alipanda naye lori, wakaenda Mkula kwa Mbuke, mama wa Kisukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake na anayesifika kwa kazi za majini. Mbuke alimtazama mtoto mgongoni kwa muda mrefu bila kumgusa.

"Jini wa kufungwa ana kanuni," akasema kwa sauti ya chini. "Ukimfungua, anakuuliza jina. Jina analopewa ndilo analolishika, na huanza kwa yule ambaye mwenye jina anampenda. Tukimtajia aliyemfungua, atamwacha huyu aende huko. Sasa niambie, nani alifungua?"

Digna akaona kichwa cha Anselim cha utotoni, kimelala mgongoni kwake.

"Mimi, mama," akasema.

"Wewe?"

"Mimi."

Mbuke akaguna. "Haya. Kama ni wewe, sina pa kumpeleka, maana umpendaye ndiye huyu huyu. Imebaki njia moja, ilete hiyo picha ichomwe hapa, yote na mafuta yake, akose pa kukaa. Iletwe imefungwa, msiiangalie tena. Na ije kabla mwanamke wake hajamaliza kugeuka. Mtoto mwache kwangu."

Digna alirudi Ifakara Jumatatu jioni. Akamweleza Anselim yote, hata ule uongo aliousema kwa ajili yake. Anselim akapiga magoti, akamshika miguu, akalia mpaka kamasi.

"Nisamehe, dada. Kaichome. Nitachora nyingine."

Akaifunga mwenyewe. Akaizungushia shuka, akaikaza kwa kamba ya katani, akaibeba mpaka kwenye lori asubuhi ile ya Jumanne. "Mimi nakwenda stesheni kumwomba radhi Bi Nelly, nimwambie hakuna picha," akasema. Digna alimbariki kwa ishara ya msalaba kwenye paji la uso, kama alivyokuwa akifanya zamani akimpeleka shule. Njia nzima aliukumbatia ule mzigo, na pamoja na hofu yote moyo wake ulikuwa mwepesi, kwamba damu ni damu.

Mbuke alikuwa amewasha moto uani. Omega amekaa mbele ya ukuta wa boma la ng'ombe, na ng'ombe wote wamejibana upande wa pili. Mzigo ukatiwa motoni. Shuka likashika, likakunjamana, likaanguka. Digna aligeuza uso asione, lakini Mbuke alikuwa anatazama, na Mbuke akauliza:

"Mama Omega, ndiyo hii?"

Digna akageuka. Kwenye moto kulikuwa na ubao mkavu, rangi ya baiskeli inachemka juu yake: mkono umeshika mchele.

Alikaa chini kwenye vumbi. Saa ile treni ya Dar ilikwisha kuondoka, na picha ndani yake. Alikumbuka yale machozi, magoti, ile kamba iliyokazwa vizuri ili isifunguke njiani, na maumivu aliyoyasikia hayakuwahi kumpata hata siku ya kumzika mumewe. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, lakini wa kwake Digna alikuwa amemlea mwenyewe ndani ya nguo hizo hizo.

"Nilikudanganya, mama," akasema. "Si mimi niliyefungua."

"Nilijua. Taja basi! Amebakiza kidogo sana!"

Digna akasimama nyuma ya mwanawe. "Aliyekufungua ni Anselim, mtoto wa mama yangu. Mfuate yeye. Niachie mwanangu."

Ng'ombe wakanyamaza. Mabega madogo ya Omega yakaanza kutikisika, Digna akadhani mtoto analia, kumbe anacheka.

"Jina nilipewa siku nyingi," ikasema ile sauti ya upole. "Alipokwangua nta nilimuuliza, nani ananifungua? Hata hakufikiri. Akasema, dada yangu, Digna."

Mbuke akajishika mdomo. Digna hakupiga kelele, wala hakumlaani mtu. Alimtazama mwanawe, shingo ile nyembamba iliyoanza kugeuka taratibu, na akajua kwamba uso ukishafika mbele hautakuwa wa Omega.

"Kama jina ni langu," akasema, "basi njoo kwangu mwenyewe."

"Nyamaza!" Mbuke akapiga ukelele. "Usimkaribishe!"

Omega alianguka kifudifudi. Kisha akainuka, akageuka mwenyewe, uso umejaa vumbi na machozi, uso wake, akatafuta kwa macho.

"Mama! Nina njaa!"

Digna akafungua mikono. Lakini Mbuke alimwahi mtoto, akamnyanyua, akamkumbatia kifuani. Omega alilia kwa nguvu zote, anarusha miguu, anamtaka mama yake, na Mbuke alizidi kurudi nyuma hatua kwa hatua, macho yake hayabanduki usoni pa Digna.