Nyuzijoto Ishirini na Mbili

Kieran Oldroyd alikuwa na mabomba ya shaba begani, wa nne kwenye foleni ya duka la vifaa vya ujenzi pale Sheffield, Jumamosi asubuhi. Mbele yake alisimama msichana mwenye koti la manjano na kofia ya sufu, akisoma mgongo wa boksi la kidhibiti joto kama mtu anayesoma barua ya kuachwa.

"Hicho usinunue kabla hujajua boila yako ni ya aina gani, mpenzi," Kieran akamwambia.

Mji ule kila mtu ni mpenzi: muuza mikate, dereva wa basi, hata askari anayekuandikia faini. Lakini huyu hakuwa wa kuacha neno lipite.

"Mpenzi wako nani? Hata jina langu hulijui."

"Niambie basi, nisiendelee kukosea."

Josie Haigh. Bibi yake alimwachia nyumba yenye boila nzima kabisa, ile mashine ya gesi ya kupasha nyumba joto, ila gurudumu dogo la ukutani la kuiamuru lilikuwa kwenye korido yenye baridi kuliko friji. Alitaka kidhibiti kisicho na waya, akiweke sebuleni anapokaa.

Kieran alikuwa fundi wa gesi mwenye leseni. Jumapili alizima umeme, akang'oa gurudumu, akafunga kipokezi kando ya boila, kisha akabonyeza kitufe mpaka vidude viwili vikatambuana na taa ikawa ya kijani.

"Vimependana," akasema.

"Upesi hivyo?"

"Havina aibu kama sisi."

Josie akacheka mpaka chai ikamwagika. Gurudumu hakukubali litupwe. Bibi alilizungusha miaka thelathini. Akalitia kwenye droo ya vijiko.

Programu ya kuongozea joto Kieran aliiweka kwenye simu zote mbili, ya kwake eti kwa majaribio tu. Majaribio yakaota mizizi. Jioni alimwashia kabla hajafika nyumbani, naye alipiga simu kulalamika: "Umeniongezea tena, fundi wangu. Unadhani gesi inachotwa mtoni?" Maana Josie kabla ya Novemba hakuwasha kabisa, na baada ya hapo nyuzi kumi na nane ndiyo mwisho. Ukisikia baridi, vaa sweta.

Siku moja, wakila nyama ya kuoka ya Jumapili, Josie aliuliza ingekuwaje kama mama yake angehamia pale. Kieran akajibu kwamba mama mkwe ni kama boila kuukuu, inanguruma usiku kucha na kitufe cha kuzimia hakionekani. Akacheka sana. Hakuona kwamba alikuwa akicheka peke yake.

Februari Josie akasema wiki ile hawataonana, kazi zimemzidi. Jumanne mchana Kieran alikuwa ndani ya gari lake la kazi, akitafuna pai, akafungua ile programu ya joto kwenye simu. Nyumbani kwa Josie, nyuzi ishirini na mbili. Jumatano, vilevile. Akampigia.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Kazini, fundi wangu. Wapi tena?"

"Na nyumbani kuna nani?"

"Nitakwambia Jumamosi. Nataka tuwe ana kwa ana."

Siku zile za kungoja Kieran alizijaza mwanamume: miguu mirefu, kifua wazi, kajinyoosha kwenye kochi. Alhamisi theluji ikaanguka tangu alfajiri. Josie alipokwisha kwenda kazini, Kieran akashusha joto kwa simu hadi nyuzi tano, akafunga vitufe vya kidude cha sebuleni. Huyo jamaa naye avae sweta.

Saa kumi na mbili jioni Josie alimkuta mama yake, aliyekuwa na siku nne tu tangu atoke hospitali kwa kiharusi, amelala sakafuni chini ya makoti matatu, midomo ya buluu, kidole bado kwenye kidude kisichomsikia. Akaita gari la wagonjwa.

Mama alirudi baada ya wiki mbili. Josie alimwita Kieran mara moja tu, arudishe gurudumu. Waya za zamani zilikuwa bado ukutani.

"Nilidhani ni mwanamume," akasema, bisibisi mkononi.

"Na angekuwa mwanamume, ungemgandisha?"

Kieran akakaza skrubu ya mwisho. "Kwa nini hukuniambia, Josie?"

"Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia usicheke."

Kieran akazungusha gurudumu. Likalia tik, boila ikawaka. Kutoka sebuleni mama akaita, maneno yakimvutika mdomoni: "Josie, mpe huyo kijana chai. Korido hiyo ina baridi."

Hakuwa ameambiwa nani alimzimia joto.

"Ana haraka, mama." Josie akafungua mlango wa mbele. "Asante, fundi."

Fundi. Basi.

Ndani ya gari Kieran alitoa simu, akafungua programu ya joto. Kifaa hakipatikani, iliandika. Akateremsha kioo, akaielekeza kwenye ile nyumba, theluji ikimwangukia mkononi, kama mtu anayetafuta mtandao. Akajaribu tena.