Kifuniko Kisicho na Tope

Jumanne asubuhi, wanawake waliokuwa wakishuka bondeni kulima mpunga, chini ya Mutaho, waliikuta pikapu ya Urbano imelala ubavu ndani ya kinamasi. Maparachichi yalikuwa yametapakaa mpaka kwenye maji. Urbano mwenyewe alikuwa bado ameshika usukani, na hakuwa hai.

Afande Emiliana, mpelelezi wa polisi kutoka Gitega, alifika kabla ya saa sita. Hakuanza na watu. Alianza na barabara. Alama za magurudumu zilisema kwamba gari lilikuwa likiteremka, dereva akakanyaga breki, kisha mkia ukageuka ghafla. Gurudumu la nyuma la kulia lilishika. La kushoto liliteleza tu, kama halina breki kabisa.

Lori lililokuwa likipita lililivuta gari hadi kwenye uwanja wa nyumba ya marehemu, juu ya kilima. Hapo wakafungua gurudumu la kushoto. Ngoma ya breki ilikuwa imejaa mafuta meusi mazito. Emiliana alichovya kidole, akatazama, akajifuta kwenye mkono wa koti lake.

"Breki hizi alitengeneza nani?"

"Athumani, fundi wa Gitega mjini," alijibu Elikana, mdogo wake Urbano. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. "Wiki iliyopita. Na waligombana, dada. Kaka alimwambia mbele ya watu kwamba mikono yake ni ya kuchunga mbuzi. Athumani akajibu, utarudi hapa unalia."

"Aliyasema hayo?"

"Wamesikia wengi. Huyo amempakia mafuta kwenye breki, afe."

Emiliana alimwamini. Yeye na Elikana walikulia kambi moja ya wakimbizi, Mtabila, huko Kasulu. Walipanga foleni moja ya maji, wakala mahindi ya mgao kutoka gunia moja, wakarudi Burundi kwenye msafara mmoja kambi ilipofungwa. Watu waliobaki nchini waliwaita wote "Watanzania", na wao kwa wao walikuwa wameshazoea kuaminiana kwanza na kuulizana baadaye.

"Basi wewe lilinde gari hili," alimwambia. "Asiliguse mtu mpaka nirudi."

"Halitaguswa, dada."

Jioni Athumani alikuwa mahabusu.

*

Kabla ya kuondoka Mutaho, Emiliana alimhoji pia Longino, jirani. Huyu alikuwa analima nusu ya shamba la baba yake Urbano tangu wenyewe walipokimbia, na kesi ya shamba hilo ilikuwa bado haijaamuliwa. Siku mbili kabla ya ajali, watu walimwona amechuchumaa chini ya pikapu.

"Ulikuwa unatafuta nini pale?"

"Kuku wangu," alisema Longino. "Anataga hapo chini ya gari, huyo mushenzi. Mayai yangu yanakuwa ya Urbano?"

"Na shamba lake linakuwa lako?"

"Yoo! Shamba iko kwa baraza, afande. Mi nangoja baraza. Nikimuua, baraza litanipa na kaburi?" Akasita. "Mais, lakini, kitu kimoja niliona. Huko nyuma chini ya gari kulikuwa kinang'aa. Kinang'aa kama sahani ya harusi. Nikasema, hawa Watanzania hata tumbo ya gari wanaivalisha."

Emiliana aliyasikia maneno hayo, akayaacha yapite. Mwenye shamba la watu akisema kitu, nani anasikiliza? Mayai mawili yalikutwa kweli, pale gari lilipokuwa likilala. Longino akaachwa.

Mjini, Athumani alikaa mbele yake bila mkanda wala viatu, mtu mzima mwenye mvi kidevuni.

"Ulimwambia atarudi analia?"

"Nilisema. Alinitukana, nikasema. Afande, kila client ananitukana. Nikiwaua wote nitabaki na kazi gani?"

"Nani mwingine aligusa breki zile?"

"Mi sijui. Mi nilirekebisha, nikaijaribu gari hapa mpaka sokoni, ikashika vizuri. Akaenda. Basi."

"Wewe ulimchukia."

"Siku ile, ndiyo. Kesho yake nilisahau. We unakumbuka kila mtu aliyekutukana?"

Kila mchana mke wa Athumani, Hidaya, alileta sufuria ya chakula, maana mahabusu hula kile kinachotoka kwao. Alimsalimia Emiliana kwa adabu, "Amakuru, afande," na hakumtazama usoni hata mara moja. Faili lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka Ijumaa ya wiki iliyofuata. Baada ya hapo Athumani angepelekwa gereza kubwa, na huko watu hungoja hukumu mpaka watoto wao wanaota ndevu.

*

Jumatano ya wiki hiyo ya pili, Emiliana alivaa lile koti tena. Ndani ya gari la polisi, dereva wake Bonifasi alikunja pua.

"Afande, leo umebeba mayai mabovu?"

"Ni koti. Yale mafuta ya breki ya Mutaho. Nimelifua, harufu haitoki."

Bonifasi aliuvuta mkono wa koti, akanusa. "Hii ni ya breki? Hapana. Na si ya moteri, ile injini, pia. Mafuta ya moteri hainuki hivi. Hii ni mafuta ya ponti."

Ponti ndicho watu wa Mtabila walichozoea kukiita difu, lile tumbo la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili.

"Mtu anaweza kuyapaka kwenye breki?"

"Akitaka. Mais kwa nini ahangaike? Mafuta ya ponti inaweza kuja yenyewe. Ekseli inatoka ponti mpaka gurudumu, inafungwa na sili ya mpira. Ponti ikijaa kupita kiasi, inasukuma, sili inashindwa, mafuta inaingia kwa breki."

Emiliana aliuvuta mkono wa koti, akaunusa mwenyewe. Kisha akasema, "Geuza gari. Twende Mutaho."

Uwanjani alimkuta Anisia, mjane, akichambua maharage kwa ajili ya wageni. Ijumaa ilikuwa siku ya kunawa, pale watu wanaporudi kwa wafiwa kunywa urwarwa, pombe ya ndizi, na kumaliza matanga.

"Pole na maandalizi, mama."

"Maandalizi gani, afande? Ndizi za pombe ziko shimoni zinaivishwa, Elikana hataki lifunguliwe. Alizizika mwenyewe jioni ile ile ya msiba, hakutaka msaada. Kila siku anasema bado mbichi. Mimi nanusa, zimeshachacha. Tutawanywesha watu maji?"

Elikana alikuwa ameketi karibu na pikapu. Alikuwa amekonda. Emiliana alitandika gunia, akalala chali chini ya gari, Bonifasi pembeni yake.

Tope la kinamasi lilikuwa limekauka kila mahali: kwenye springi, kwenye ekseli, kwenye bomba la moshi, jeusi, na nyasi zimenasa. Mahali pamoja tu hapakuwa na tope. Kifuniko cha nyuma cha difu, bamba la chuma la duara lililobonyea kama limepigwa teke, kilikuwa na vumbi jekundu la zamani tu. Boliti zake zilikuwa na mikwaruzo mipya, na gundi ya silikoni ilikuwa imetokeza kando, laini bado.

"Hii haikuwa ndani ya maji," alisema Bonifasi kwa sauti ndogo.

"Hapana. Siku ile kilikuwepo kingine." Emiliana alitazama lile bonyeo. Akamkumbuka Longino na sahani yake ya harusi, akaona aibu. "Vifuniko vya kung'aa vinauzwa wapi?"

"Muyinga. Vinaingia kwa mpaka wa Kobero."

Alipotoka chini ya gari, Elikana alikuwa amesimama.

"Difu hii imewahi kufunguliwa?"

"Hapana, dada. Sijui. Kaka ndiye alikuwa anajua gari."

*

Othmani alikuwa na duka la vipuri karibu na soko la Muyinga. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mpaka alipoona kitambulisho.

"Vifuniko vya ponti? Ninavyo. Angalia mwenyewe." Akaweka kimoja juu ya meza. Kilikuwa kizito, cha aluminiamu, kina mabawa mgongoni kama mbavu. "Inalinda, inapoza mafuta, inabeba mafuta mingi. Pikapu inakuwa mwanaume."

"Niambie kweli. Kina faida, au kinang'aa tu?"

Othmani alijikuna shingo. "Polisi sitaidanganya. Kwa mawe, faida iko. Jiwe likigonga hii, jiwe ndiyo inalia. Kwa kupoza, mm. Pikapu ya huku inapanda kilima, inashuka, inasimama kupakia ndizi. Mafuta itachemka saa ngapi? Ile ya kiwandani inatosha. Mais watu wanapenda kitu ya kung'aa, nami nina watoto."

"Na hasara?"

"Hasara ni hii." Akaweka kidole kwenye tundu la kujazia. "Tundu ya hii iko juu kuliko ya zamani. Fundi wote wa huku, desturi ni moja, unajaza mpaka inamwagika kwa tundu, unafunga. Kwa hii ukifanya vile umezidisha. Kila mtu namwambia: vidole vitatu chini ya tundu, usipite."

"Uliuza kimoja kabla ya ajali ya Mutaho?"

"Kwa kijana mmoja mpole, anaongea kama nyinyi wa Tanzania, 'naomba, naomba'. Alisema anamununulia kaka yake. Ile ya zamani aliibonyeza yeye kwa jiwe, na kaka yake kila siku anamucheka kwa watu."

"Ulimwambia vidole vitatu?"

"Nilimushika vidole hivi, nikamuonyesha."

Njiani kurudi, Bonifasi hakutania. Emiliana alitazama vilima vikipita, na kila alipofumba macho aliiona sufuria ya Hidaya.

*

Ijumaa, wageni walipokuwa wameketi, Emiliana aliingia uwanjani akamsalimia Anisia, kisha akasema, "Mama, lile shimo lifunguliwe."

"Bado mbichi," alisema Elikana.

"Kwa siku zote hizi?" alicheka Longino. "Hata mawe yangeiva!"

Anisia mwenyewe alishika jembe. Aliondoa udongo, akaondoa majani ya mgomba, na harufu ya ndizi zilizooza ikawapiga watu. Aliinua chane moja, ya pili, ya tatu. Chini kabisa kulikuwa na kitu kimefungwa kwa shati. Alilifungua. Mabawa ya aluminiamu yaling'aa katikati ya tope jeusi lililokauka, na nyasi za kinamasi.

"Hiki nini?" Anisia alimtazama shemeji yake. "Elikana. Hili ni shati lako."

Elikana aliketi chini pale pale.

"Mwambie wewe," alisema Emiliana. "Mara ya kwanza nilisema mimi, akafungwa asiyehusika."

"Ilikuwa zawadi," alisema Elikana. "Niligonga jiwe kule Itaba, difu ikabonyea. Kaka akaniita dereva wa mawe. Mbele ya watu, kila siku, hata kanisani. Nikasema nitamnunulia kifuniko ambacho jiwe haliwezi. Jumamosi mlipokuwa Gishubi kwenye harusi nikakifunga mwenyewe. Nilitaka siku moja ainame akione."

"Na mafuta?"

"Muuzaji aliniambia vidole vitatu. Nilimsikia. Nikajaza mpaka ikamwagika, kama wanavyofanya wote. Nilidhani yakiwa mengi ndiyo nimemtendea vizuri zaidi."

"Jumanne asubuhi uliona nini?"

Elikana aliusogeza udongo kwa kidole cha mguu.

"Matone," alisema. "Chini ya gurudumu la kushoto. Kaka alikuwa anawasha gari. Ningemwambia angezima, angeinama, angeona, angecheka. Angesema, dereva wa mawe sasa ni fundi wa mawe. Nikafukia matone kwa mguu."

Anisia alitoa sauti, si kilio, sauti ya mtu aliyekanyagwa.

"Aliponipungia mkono nilimpungia."

"Kisha ukarudisha kifuniko cha zamani, kwenye gari nililokupa mimi ulilinde," alisema Emiliana. "Na hiki, kwa nini hukukitupa?"

"Nilishindwa. Nilikuwa nimemnunulia."

"Na Athumani?"

"Niliposema jina lake nilitaka tu usiniulize mimi. Halafu ukamkamata. Nikasema kesho nitakwenda kueleza. Kila siku nikasema kesho."

*

Mlango wa mahabusu ulifunguliwa saa sita na nusu. Athumani alisikiliza habari yote akiwa amesimama, kichwa ameinamisha.

"Kumbe kifuniko," alisema.

"Nisamehe, mzee. Nilikosa."

"Siku zote hizi uliniuliza juu ya Urbano. Ulimi wangu, hasira yangu. Juu ya gari hukuniuliza hata neno moja. Ungeniletea ile koti ninuse, ningekuambia siku ile ile."

Emiliana alivuta daftari la mahabusu, akaandika saa ya kutoka.

"Mkanda wangu uko wapi?" aliuliza Athumani.

Alipewa. Aliufunga polepole, akavaa viatu, akatoka. Hidaya alikuwa mlangoni na sufuria yake, amefika kama kila mchana, bado hajui. Alimwona mumewe amevaa mkanda, akaelewa. Hakupiga vigelegele. Alimshika mkono wa shati, akamkagua kama mtoto aliyetoka mtoni.

Nyuma yao Elikana aliingizwa, miguu mitupu. Kabla mlango haujafungwa aligeuka.

"Dada, nani ataniletea chakula? Anisia hawezi."

Emiliana alitaka kusema, niite afande. Lakini ni yeye aliyempa gari alilinde.

Hidaya alisikia. Alimtazama yule kijana, akamtazama Emiliana usoni, kwa mara ya kwanza, kisha akaiweka sufuria juu ya ngazi.

"Wangu leo anakula nyumbani," alisema. "Sufuria mnirudishie. Na ioshwe."

Akamfuata mumewe. Jioni Emiliana aliiosha mwenyewe, akaisugua mpaka ndani, na akaipeleka kwa miguu.