Ndoo ya Selestina na Lenzi ya Mia Mbili

Kila asubuhi kabla ya shule, Selestina huenda bombani na ndoo yake nyekundu. Kijijini Kitangari maji hayatoki kila siku, kwa hiyo foleni ni ya ndoo, si ya watu. Unapanga ndoo yako, unarudi nyumbani kuwasha moto, na baadaye unaikuta kwenye zamu yake. Ndoo ya aliyeruka foleni hufudikizwa mdomo chini, na familia yake haichoti maji wiki nzima.

Jumamosi moja Selestina alirudi bombani akakuta ndoo yake imefudikizwa. Mzee Sultani, mwenyekiti wa kamati ya maji, alimwonyesha simu. Kwenye kundi la kijiji la WhatsApp kulikuwa na picha iliyopigwa jana yake na Nikolao, mpiga picha kutoka Masasi aliyekuja kupiga picha za kipaimara kanisani. Ndoo nyekundu ilionekana imegusa bomba, na ndoo za wenzake zikisubiri pembeni.

Selestina alieleza kwamba aliiweka chini hatua kumi kutoka bombani, akaze kanga iliyomlegea, kisha akaipeleka mwisho wa foleni.

"Picha hii hapa, mjukuu wangu," Mzee Sultani alisema. "Niamini maneno yako au macho yangu?"

Wenzake wakaanza kumwita Malkia wa Bomba. Hilo angelivumilia. Lakini mama yake, mwenye mimba ya miezi saba, alichukua ndoo nyingine akashuka bondeni kutafuta maji, na njia ya kurudi ni mlima mtupu. Selestina alikasirika. Akaenda moja kwa moja hadi uwanja wa kanisa, ambako Nikolao alikuwa akifuta kamera yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Picha yako imenisingizia, na mama yangu ndiye anayepanda mlima."

Nikolao alijibu kwa ukali kidogo kwamba kamera haina ugomvi na mtu. Selestina hakuondoka. Aliomba aonyeshwe mahali picha ilipopigwa. Wakaenda barabarani, hatua sitini kutoka pale alipokuwa ameweka ndoo, naye akachungulia kwenye kitundu cha kamera huku jicho la pili likiwa wazi.

"Mbona jicho hili linaona bomba kubwa, na hili linaliona dogo?" aliuliza.

Nikolao alichungulia mwenyewe. Kisha akamwonyesha namba kwenye lenzi: mia mbili. Alimweleza kwamba kwa lenzi ya hamsini macho yote mawili huona vitu kwa ukubwa unaokaribiana. Ya mia mbili hukuza mara nne ya hiyo, na anayepiga kutoka mbali namna ile huona vitu vimesogeleana.

"Nilijua hilo," alisema polepole, "nikaituma bila kufikiri."

Walimwita Mzee Sultani. Selestina akaweka ndoo pale alipoiweka jana yake. Kwa lenzi ya mia mbili, mzee aliiona imegusa bomba. Nikolao akafunga ya hamsini, akamwambia asogee mpaka ndoo ionekane kubwa kama mwanzo. Mzee alisimama zikiwa zimebaki hatua kumi na tano kuifikia ndoo. Sasa bomba lilikuwa dogo, nyuma kabisa ya ndoo, na nafasi ilikuwa wazi katikati.

Mzee Sultani alimwomba radhi. Selestina aliitikia kwa heshima, lakini bado alikuwa na hasira.

"Babu, picha ilitumwa kwenye kundi. Na radhi iandikwe hukohuko."

Mzee akaiandika kwa kidole kimoja, watu wote waliokusanyika hapo wakisubiri. Mama Selestina alipofika na ndoo kichwani, alimkuta bado anaandika. Mzee akamtua ndoo, kisha akawageukia watoto.

"Mtu akishitakiwa, nendeni mahali penyewe mkapime, na yeye mumsikilize," alisema. "Mimi nilikuwa na miguu ya kuhesabu hatua kumi. Nikaona uvivu, na mama huyu akapanda mlima."