Uvundo Ndani ya Injini

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kefule alifagia uani. Kefule halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Mdogo wake ndiye aliyembandika, kwa sababu haikupita siku bila msichana yule kukunja pua na kusema, "Kefule!" Akikuta unywele kwenye sabuni, kefule. Akikuta utando juu ya maziwa, kefule. Akiona kandambili za mtu zina tope, kefule tena, na mate anatema. Jina likamganda, hata bibi yake akawa anamwita hivyo.

Katika uani mzima, hakuna mahali alipopachukia kama chini ya gari la baba. Lilikuwa gari kuukuu, rangi imechujuka, mlango mmoja unafunguka kwa ndani tu. Injini yake ilivuja oili usiku kucha. Asubuhi mchanga pale chini ulikuwa mweusi, umegandana mabonge mabonge, unanata. Kefule aliyazoa mabonge hayo kwa kipande cha bati huku amegeuza uso pembeni.

"Hili halivuji, mama, linatapika," alilalamika.

"Basi lionee huruma," mama alijibu kutoka jikoni. "Mgonjwa akitapika ndiyo unamkunjia pua?"

Baba yao alikuwa fundi wa majokofu. Gari lile lilimbebea vifaa vyake, na kila wiki lilimpeleka bibi hospitali kufanyishwa mazoezi ya goti. Lakini siku moja likatoa moshi mzito wa buluu, likakohoa, likazimika katikati ya barabara. Baba alirudi nyumbani akilisukuma yeye na wapita njia. Kuanzia hapo akawa anabeba mtungi wa gesi ya majokofu begani, na bibi akawa anakosa mazoezi. Goti lake likaanza kukakamaa.

"Injini imekufa," baba alisema. "Lakini gari lenyewe bado zima. Nitaibadilisha injini hapa hapa nyumbani."

Akamwita dada yake, ambaye ni fundi wa magari. Shangazi alikuja na ovaroli yake na sanduku la spana, lakini sanduku hakulifungua. Aligeuza ndoo, akaikalia, akalitazama gari kwa muda mrefu.

"Kaka, umeshapima?"

"Nipime nini? Hii inatoka, nyingine inaingia."

Shangazi alicheka mpaka ndoo ikayumba. "Na ikiingia ikakataa kukaa? Ikikaa, boneti ikakataa kufunga? Ikifunga, nyaya zikawa fupi? Utabaki na gari lisilo na injini, na injini isiyo na gari. Kwanza tupange, halafu ndipo tushike spana."

Basi wakapanga. Baba alikuwa amepata injini iliyotumika kwenye uwanja wa magari mabovu. Iliwekwa juu ya matairi mawili, chini ya kibanda cha bati pembeni mwa uani. Shangazi alipima mahali panapokaa injini, akapima kimo chake, akalinganisha mipira ya maji na tundu za rejeta. Kwa chaki alichora ukutani kazi zote kwa mpangilio: nini kitatoka kwanza, nini kitafuata, nani atafanya nini. Mdogo wake Kefule, aliyependa mpira hadi akaitwa Mabao, alipewa kazi ya kutenga nati katika makopo.

"Na wewe, mtoto wa kaka," shangazi alimwambia Kefule, "nakupa kazi nyeti. Utaisafisha injini mpya. Uone hapa juu. Hii mirija ndiyo inayovuta hewa. Kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na mafuta, imeondolewa, kwa hiyo mdomo wake umekaa wazi tangu huko ilikotoka. Tazama ndani kwa tochi. Ukiona pasafi, ziba kwa utepe wa gundi. Ukiona kitu, chochote kile, niite. Injini ikimeza taka, hata kitambaa kidogo, imekwisha. Umenielewa?"

"Nimeelewa, shangazi."

Siku iliyofuata, baada ya masomo, Kefule aliingia kibandani na ndoo, sabuni na matambara. Oili ilikuwa imekauka juu ya injini kama ugaga wa meno. Aliikwangua huku mwili ukimsisimka. Uchafu ulimwingia kwenye kucha, ukampaka viwiko. Mara mbili alikimbia nje kuvuta pumzi.

Hatimaye akafika kwenye ule mdomo wa hewa. Akawasha tochi, akachungulia.

Mle ndani mlikuwa na kiota. Vipande vya sponji, karatasi zilizotafunwa, nywele na vinyesi vyeusi kama punje za mchele ulioungua. Katikati ya takataka hizo ulichomoza mkia mrefu, wa kijivu, hauna manyoya. Haukutikisika. Kisha Kefule akaona kwamba kando ya mkia kuna funza wadogo weupe, na wao walikuwa wanatikisika.

"Kefule! Kefule! Kefule!"

Tochi ilimponyoka. Alijua anatakiwa kufanya nini: kumwita shangazi. Lakini alijua pia kwamba shangazi hatamwacha asimame mbali. Atampa glavu, atamwambia, "Haya, tutoe pamoja." Wazo la kuushika ule mkia lilimshinda.

Akaokota kijiti. Akafumba jicho moja, akausukuma uchafu wote ndani zaidi, mpaka mkia ukapotelea gizani. Kisha akakata utepe wa gundi, akaziba mdomo ule safu juu ya safu, haraka haraka, kama mtu anayefunga mlango asiingie mwizi.

Jioni shangazi alimwuliza, "Mdomo wa hewa umeutazama?"

"Ndiyo, shangazi."

"Uko safi?"

"Safi."

Neno lilitoka jepesi, lakini mdomoni liliacha ladha mbaya.

Jua likaendelea kulichoma lile bati la kibanda. Baada ya siku chache harufu ikaanza kupenya ule utepe. Mwanzoni ilikuwa nyembamba, inakuja na upepo na kuondoka nao. Kisha ikanenepa. Ilikuwa harufu tamu yenye uozo, ya kukwama kooni. Iliingia dirishani, ikakaa kwenye mapazia, ikawakuta mezani. Baba alichunguza mfereji wa maji machafu. Mama alipiga deki nyumba nzima. Bibi alijifunika pua kwa ncha ya khanga na kusema kwamba, kama ni yeye anayeoza, wamwambie tu.

Mwishowe mama alifungua sanduku la viatu la Mabao, akarudi nyuma hatua nzima.

"Nimeipata! Viatu gani hivi? Na soksi tangu lini hazijafuliwa?"

"Mama, viatu vyangu vinanuka, lakini si hivyo!" Mabao alijitetea.

"Unanijibu? Vitakaa nje, na uwanjani huendi mpaka harufu hii iishe."

Siku hiyo darasa lake lilikuwa na mechi. Mabao alikaa kwenye kizingiti, akisikiliza kelele za wenzake kwa mbali, machozi yakimchuruzika. "Si viatu vyangu," alirudia peke yake. "Dada, wewe niambie, si viatu vyangu, sivyo?"

Kefule alitazama chini. "Mimi sijui."

Usiku ule chakula hakikupita. Safari hii kilichomtia kinyaa hakikuwa kitu cha sahanini wala cha sakafuni. Alijinusa mikono aliyokuwa ameiosha mara nyingi. Ilinuka sabuni tu. Hata hivyo alijiona mchafu, uchafu wa mahali ambapo sabuni haifiki.

Siku ya kubadilisha injini ikafika. Baba aliazima winchi ya mnyororo ya kunyanyulia injini kwa msimamizi mmoja wa ujenzi, kwa ahadi ya kuirudisha kabla ya jioni, maana naye alikuwa anaihitaji kazini. Majirani wawili walikuja kusaidia. Kila kitu kilikwenda kama kilivyochorwa ukutani. Nyaya zilichomolewa, mipira ikafunguliwa, na injini mbovu ikapanda polepole kutoka kwenye gari, ikidondosha matone meusi.

Wakaigeukia injini mpya. Shangazi alishika kabureta mkononi.

"Hii naifunga kabisa kabla hatujainyanyua," alisema. "Nikishakaza nati hizi, ndani hatuoni tena."

Akapeleka ukucha kwenye ncha ya utepe wa gundi, kisha akasita, akanusa. Alimtazama Kefule.

"Ulisema pasafi?"

Kefule angeweza kuitikia kwa kichwa tu. Pembeni, Mabao alikuwa amechuchumaa na makopo yake ya nati, peku. Viatu vyake bado vilikuwa vimetupwa nyuma ya nyumba.

"Shangazi, usifunge," Kefule alisema. "Hapakuwa pasafi. Mna panya aliyekufa. Nilimwona. Nilimsukuma ndani kwa kijiti, nikaziba. Nikakudanganya. Na ile harufu si viatu vya Mabao, ni hii."

Mnyororo wa winchi ulilia taratibu, ukatulia.

"Unajua ungetufanya nini?" Baba alipandisha sauti. "Injini yenyewe hii moja! Tungeiwasha, ikavuta takataka zote hizo! Bibi yako…"

"Kaka, ngoja kwanza," shangazi alisema. "Amesema. Tena amesema kwa wakati wake."

Akabandua utepe.

Uvundo ulitoka kama kitu chenye mwili. Jirani mmoja alikimbilia barabarani bila kuaga. Baba alishika ukuta, akajikunja. Shangazi mwenyewe, pamoja na ufundi wake wote, aliruka nyuma, macho yamemtoka, akaropoka, "Kefule!" Mabao aliangua kicheko, akakikata alipokutana na uso wa baba.

"Haya," shangazi alisema alipopata pumzi. "Lete glavu jozi mbili na vitambaa vya kufunga puani. Mimi na wewe."

Alimwaga maji yenye dawa ya kuua vijidudu ndani ya mrija, akasubiri. "Uchafu wa panya hatuukung'uti ukiwa mkavu," alieleza. "Vumbi lake ukilivuta, au mkojo wake ukigusa kidonda, unapata maradhi. Ndiyo maana nilitaka uniite. Hii haikuwa kazi ya kuifanya peke yako."

Kisha akaifungua mirija yote kutoka kwenye injini, akampa Kefule koleo. Kefule alivuta. Sponji zilitoka zimelowa, zikinyooka kama kamasi. Karatasi zikatoka. Kisha mkia, na panya mwenyewe, nusu yake tu, na nusu nyingine ikafuata baadaye kwa vipande. Kefule alitapika mara moja, kando ya ndoo. Akajifuta, akarudi, akavuta tena. Vipande viwili vya sponji walivikuta ndani kabisa, karibu na kichwa cha injini, pale alipovisukuma yeye kwa kijiti chake.

Walizika taka zote kwenye shimo refu mbali na bomba, wakaosha mirija, vifaa na mikono kwa sabuni. Walipomaliza, jua lilikuwa linashuka, na winchi ilikuwa lazima irudi kwa mwenyewe. Gari likabaki limeachama boneti, tumboni halina kitu.

Kefule alikwenda mwenyewe kumwambia bibi kwamba wiki hiyo pia hataenda hospitali. Bibi hakumkaripia. Alilisugua goti lake tu, akasema, "Haya, mjukuu wangu." Maneno hayo yaliuma kuliko kelele za baba.

Kwa mama na Mabao aliomba msamaha mbele ya wote. Mama naye akamgeukia mwanawe. "Nilikuhukumu kabla sijachunguza. Nisamehe, mwanangu."

"Na dada afue soksi zangu," Mabao alisema papo hapo.

Kefule alizifua. Zilikuwa zimekauka, zinasimama zenyewe kama miti. Alikunja pua toka mwanzo hadi mwisho, lakini alizisugua mpaka povu likawa jeupe.

Winchi ilipopatikana tena, ilikuwa siku nyingine kabisa, tena baada ya baba kumbembeleza mwenyewe kwa maneno mengi. Safari hii kabla ya kufunga chochote, shangazi alimkabidhi Kefule tochi bila kuuliza kitu. Kefule akachungulia kila tundu, akaingiza kidole, akachungulia tena. "Njoo na wewe uone," alisema. Shangazi akaja akaona.

Injini ikashuka, ikakaa mahali pake bila kugombana. Boneti ilifunga. Baba alipozungusha ufunguo, ikakoroma, ikakataa. Akazungusha tena, ikapiga chafya moja ya moshi, kisha ikaunguruma kwa mlio laini uliosawazika. Baba alipiga usukani kwa furaha, Mabao akakimbia kulizunguka gari. Bibi, ambaye hakuna aliyemwona akitoka ndani, alikuwa tayari ameshafika kwenye mlango wa mbele na mkoba wake begani.

"Nifungulieni," alisema. "Goti haliwezi kusubiri mshangilie."

Wakati baba akimsaidia kupanda, shangazi aliketi juu ya ndoo, akifuta mikono kwa kitambaa. Kefule alisimama karibu yake.

"Shangazi, bado una hasira na mimi?"

"Kuona kinyaa si kosa," shangazi alisema. "Mimi mwenyewe siku ile nilikaribia kukimbia kama yule jirani. Pua yako ilikuambia kweli: hapa pana kitu kibaya. Kosa lako ni kwamba uliisikia kweli hiyo, ukaizibia utepe, halafu ukaniambia pasafi. Uchafu uliofichwa hautulii pale ulipouficha. Ulikwenda ukamnyima mdogo wako mchezo, ukamnyima bibi yako mazoezi. Siku nyingine ukikutana na jambo linalokushinda, sema, 'Hili limenishinda, nisaidieni.' Hakuna atakayekucheka. Na ukishasema uongo, usingoje uoze ndipo uutoe."

"Nimesikia, shangazi."

"Basi nenda ukaoge. Una oili mpaka sikioni."

Kefule alijigusa sikio, akatazama kidole chake kilichokuwa cheusi, akakipangusa kwenye gauni lake la kazi. Gari likarudi nyuma polepole, likatoka getini, na bibi akapunga mkono dirishani kama malkia.