Doa la Buluu

"Nitajie rangi tu. Neno moja, nami sitakusumbua tena."

"Sikutajii."

"Buluu au kijani?"

"Hata ingekuwa zambarau nisingekutajia. Kula, chakula kinapoa."

Walikuwa wamekaa kwenye ngazi za nyuma za maabara, kila mmoja na kopo lake la chakula mapajani. Mwanamke alikuwa mtafiti wa magonjwa ya mapafu, na kwa kuwa alishinda ameinamia hadubini, wenzake walimwita Jicho. Mwanamume aliyekataa kumjibu alikuwa mfamasia wa maabara hiyo hiyo. Alikuwa pia mchumba wake, na habari za harusi yao zilikwisha kufikishwa kwa jamaa wa pande zote mbili.

Jambo alilolikataa lilikuwa hili. Panya wa maabara walikuwa wamezoeshwa ute wa yai mpaka miili yao ikauchukia. Kila walipouvuta puani, mapafu yao yalivimba, kama yavimbavyo mapafu ya mgonjwa wa pumu akikutana na vumbi. Kundi moja lilipewa inosini, kiambata cha jamii ya purini yaani ukoo wa kemikali wenye kafeini ya chai, ambacho mwili wenyewe hukitengeneza. Kundi jingine lilipewa maji ya chumvi matupu. Mfamasia ndiye aliyechanganya dawa, na vioo vya hadubini vyenye vipande vya mapafu ya kundi moja vilitiwa doa la buluu pembeni, vya kundi jingine doa la kijani. Kazi ya Jicho ilikuwa kuhesabu seli za mzio kwenye vipande vya mapafu bila kujua doa lipi ni la dawa, kwa sababu mtu anayejua anachokitafuta hukiona hata pale kisipokuwepo. Siri hiyo waliijua wawili tu, mfamasia na Profesa mkuu wa maabara, nayo ingefunguliwa siku ya Alhamisi mbele ya wote.

"Jana mama alirudishwa hospitali," alisema Jicho. "Kifua kinapiga mluzi kama birika."

Mfamasia aliacha kutafuna. "Pole sana. Jioni nitakwenda kumwona."

"Sitaki pole. Nataka kujua kama miaka yote hii nimefanya kazi au nimefuga panya."

"Alhamisi utajua."

"Kwako wewe Alhamisi ni siku ya juma. Kwangu mimi ni pumzi ya mama yangu." Alimgeukia mzima mzima. "Ukinipenda utanitajia. Mtu anayeninyima neno moja leo, kesho nitaishi naye vipi chini ya paa moja?"

Mfamasia alifunika kopo lake polepole, akabana kila pembe ya kifuniko.

"Buluu," alisema. "Dawa ni buluu. Umeridhika?"

Jicho alimrukia shingoni. Mwenzake alikaa wima, mikono imemlegea, kama mtu anayepimwa nguo na fundi. Jicho alidhani ni majuto ya mwaminifu aliyevunja ahadi, akamhurumia kidogo, kisha akakimbilia ndani kuhesabu.

Kwenye hadubini, seli za mzio zikitiwa rangi hung'aa kwa rangi ya waridi, hazimpotei mwenye macho. Jicho aliweka kioo cha kwanza chenye doa la buluu, akainama huku akitabasamu. Tabasamu halikudumu. Seli za waridi zilikuwa zimesongamana kandokando ya njia za hewa kama watu mlangoni mwa duka siku ya bei kushushwa. Aliweka kioo cha pili cha buluu, kisha cha tatu. Hali ilikuwa ile ile. Akaweka cha kijani. Mapafu yalikuwa yametulia, vifuko vya hewa viko wazi, seli za waridi moja moja, kama wageni waliochelewa.

Alihesabu vyote. Kesho yake asubuhi akaanza upya, akahesabu tena. Maji ya chumvi yalikuwa yameishinda dawa yake.

Simu iliita. Alikuwa mama yake.

"Mwanangu, mbona sauti imekufa hivyo?"

"Ni kazi, mama."

"Panya wako hawajambo?"

"Nusu yao hawajambo."

"Nusu ipi?"

"Ile isiyotakiwa."

"Makubwa! Kumbe na panya huchaguliwa." Alikohoa, akavuta pumzi. "Sikiliza. Nimewaambia wodi nzima kuwa binti yangu anatafuta dawa ya pumu iliyo ukoo mmoja na kile kilichomo kwenye majani ya chai. Sasa yule wa kitanda cha dirishani ameagiza birika la pili."

"Mama! Nilikwambia ni ukoo mmoja, si kitu kimoja. Halafu tunajaribu kwa panya, hatujamgusa mtu. Umevuta inhela yako?"

"Nimevuta."

"Mama."

"Haya, navuta sasa hivi, usinipigie kelele kama muuguzi."

Ilisikika sauti ya inhela ikipuliza, kisha kimya cha mtu aliyebana pumzi kama alivyofundishwa. Jicho alisubiri mpaka mama yake alipoitoa pumzi hiyo.

"Mkwe wangu alikuja jana, akaniwekea mto mgongoni," mama aliendelea. "Yule ni mtu. Hasemi sana, lakini ni mtu."

Baada ya simu, Jicho aliitazama chupa ya spiriti iliyokuwa rafuni. Tone moja juu ya pamba lingefuta madoa yote. Kisha brashi nyembamba, rangi kidogo, buluu ikawa kijani na kijani ikawa buluu, na hakuna ambaye angejua. Alishusha chupa, akaifungua. Harufu ilimpanda puani. Akamwaza mama yake ameketi kitandani, anabana pumzi kwa utiifu, anavuta dawa ambayo uthibitisho wake ulitengenezwa kwa pamba na brashi. Aliifunga chupa, akairudisha mahali pake, akaandika hesabu zake kama zilivyokuwa.

Ujumbe uliingia kutoka kwa mfamasia: "Mbona kimya tangu asubuhi?"

Alijibu: "Njoo ngazini."

Mfamasia alifika akihema.

"Buluu imeharibika," Jicho alimwambia bila salamu. "Mapafu yamejaa uvimbe."

"Na kijani?"

"Kijani kimetulia kabisa."

Uso wa mfamasia ulichanua ghafla, kisha akauziba mdomo wake kwa kiganja.

"Unacheka?"

"Sicheki."

"Nimeona meno! Dawa yangu imeshindwa, mama yangu yuko kitandani, na wewe unacheka?"

"Mpenzi, nisikilize..."

"Nisikilize wewe. Alhamisi nitasimama niseme kuwa nilijua rangi kabla ya kuhesabu. Siwezi kuwasomea watu hesabu zilizotiwa najisi nikajifanya msafi. Jina lako sitalitaja."

"Usiseme lolote kabla hatujazungumza."

"Haya, zungumza."

Mfamasia alisogea karibu. Akatazama mlango wa maabara, akatazama viatu vyake.

"Siwezi. Mpaka Alhamisi."

"Nilijua. Unaogopa kibarua kitaota nyasi."

Jicho alivua pete ya uchumba. Ilikwama kwenye kifundo cha kidole, akaizungusha kwa hasira mpaka ikatoka, akamwekea kiganjani.

"Mama amesema wewe ni mtu," alisema. "Mama hana hadubini."

Jioni ile aliletewa ujumbe mmoja tu: "Nina neno ambalo si langu peke yangu kulitoa. Nivumilie hadi Alhamisi." Aliusoma, akaugeuza uso wa simu chini.

Alhamisi ilifika. Profesa, mwanamke mfupi aliyening'iniza miwani kifuani kwa kamba, aliketi mbele ya meza ndefu. Mfamasia alikaa pembeni kabisa, karibu na mlango. Jicho alisimama, akaonyesha hesabu zake: buluu imevimba, kijani kimetulia. Hakupunguza, hakuongeza.

"Kabla siri haijafunguliwa, nina ungamo," alisema. "Nilishurutisha nitajiwe rangi ya dawa. Nikatajiwa buluu. Nimehesabu nikijua doa lipi ni la dawa. Hesabu zangu zitupwe, na mimi niadhibiwe."

Profesa alivaa miwani. "Nani alikutajia?"

"Sitamtaja."

"Ni mimi." Mfamasia alikuwa amekwisha kusimama. "Lakini sikumtajia, Profesa. Nilimdanganya."

Jicho aligeuka.

"Buluu ni maji ya chumvi," alisema mfamasia, akimtazama yeye badala ya Profesa. "Dawa ni kijani."

Profesa alifungua tarakilishi yake, akasoma, akaitikia kwa kichwa. Mtu mmoja alipiga makofi. Profesa alimtazama, makofi yakafa.

"Nani kakuambia upige makofi? Hawa wawili wameivuruga kazi nzuri. Msichana, kosa lako ni kuuliza. Kijana, kosa lako ni kujibu."

"Niliona kama atapendelea, basi atapendelea maji ya chumvi," mfamasia alijitetea. "Ningemwambia mapema kuwa nimemdanganya, ningekuwa nimemfungulia siri kwelikweli."

"Upendeleo ni upendeleo, hata ukielekezwa ukutani. Vioo vyote vitafutwa madoa, vitiwe alama mpya, vikahesabiwe na mtu wa maabara nyingine asiyewajua ninyi wala panya wenu. Mpaka hapo hakuna kilichothibitishwa. Tokeni."

Ukumbini, Jicho ndiye aliyeanza.

"Umeniacha nilie bure!"

"Si bure. Niliumia kila ulipolia."

"Ungeweza kunikatalia!"

"Nilikukatalia kwenye simu, nikakukatalia na ngazini. Ukasema nikikunyima neno, hutaishi nami."

Jicho alikisugua kidole kilichokuwa na pete.

"Nilipoona meno yako siku ile..."

"Nilikuwa nimetoka kusikia kuwa kazi yako huenda imefaulu. Ulitaka nilie?"

Alikaribia kucheka, akajizuia. "Sikiliza. Mimi nimekosa, nilitumia mapenzi kama rungu. Lakini wewe nawe ulikosa. Uongo wa huruma sitautaka nyumbani kwangu. Nikiomba nisichostahili, ninyime. Ninyime hadharani, ninyime nikilia. Ila usinidanganye."

"Ukinuna?"

"Nitanuna siku nzima. Unaweza?"

"Naweza."

"Nionyeshe pete."

"Sikuonyeshi."

Alimtazama kwa mshangao.

"Ninayo mfukoni," mfamasia alisema, "lakini ulinirudishia kwa hasira, na sitaki uivae kwa furaha ya majibu. Tungoje hesabu mpya. Zikija mbaya na bado unanitaka, nitakuvisha. Zikija nzuri na bado unanitaka, nitakuvisha vilevile."

Jicho alinuna siku nzima, kama alivyoahidi. Alivishwa pete siku iliyofuata, kabla ya hesabu mpya kufika, kwa kuwa aliidai mwenyewe asubuhi mapema, akiwa hajui bado.

Hesabu zilipokuja, zilikubaliana na zake: kijani kilitulia. Profesa aliwapa onyo la maandishi kila mmoja, kisha akaomba panya wengine.

Siku ya harusi, mama alikuja kwa miguu yake, inhela ndani ya mkoba. Yule mgonjwa wa kitanda cha dirishani, aliyekuwa amealikwa kwa heshima ya wodi, alimshika bibi harusi mkono.

"Mwanangu, dawa iko tayari?"

"Bado, mama. Imewatuliza panya. Kwa watu ni safari ndefu, na huenda isifike. Endelea na dawa ya daktari."

"Na chai?"

"Chai unywe kwa utamu wake."

Walipokaa mbele ya wageni, Jicho aliona kifurushi kikubwa kilichofungwa kwa utepe, mama amekikumbatia kama mtoto. Alimwinamia mumewe sikioni.

"Mama katuletea nini? Najua amekuambia."

"Ameniambia."

"Nitajie. Neno moja tu."

"Sikutajii."

Bibi harusi alinuna mbele ya wageni wote. Chini ya meza, mkono wake ulikuwa umeukamata wa mumewe kwa nguvu zote.